Viatu vya Baba na Fomu ya Urubani

Nilienda Kianjokoma kumzika Mwalimu Nyaga, na nikiri mapema kwamba sikwenda kulia. Nilikwenda kuona anafukiwa. Watu walijaa shambani kwake, miguu ya viti vya kukodi ikizama kwenye tope kando ya michai, na kila aliyepewa kipaza sauti alisema neno lile lile: Mwalimu alisaidia watoto wa maskini. Ni kweli, hakuna aliyedanganya, na hilo ndilo lililonichoma. Nilikaa mstari wa nyuma pamoja na akina mama wa kanisa, mikono kwenye leso, nikihesabu wasemaji waliobaki. Kisha mwongozaji akamwita Kapteni Wawira, na shingo zote zikageuka. Akapita mbele kwa suruali nyeusi na viatu vya tope asivyovijali, akashika kipaza sauti kwa utulivu wa mtu aliyezoea kuzungumza na abiria asiowaona. Alisimulia jinsi alivyokuwa akikaa kando ya kiwanja kidogo cha ndege huko chini ya Nkubu, na jinsi alivyogundua, akiwa msichana tu, kwamba asubuhi ndege iliacha ardhi kwenye jiwe jeupe la tano na mchana kwenye jiwe la tisa, kwa kuwa hewa ya joto ni nyepesi na haiibebi ndege vizuri. Watu wakapiga makofi matangani. Mama aliyekaa karibu nami akasema, "Huyo mtoto Mungu alimpea kichwa." Nikasema ndiyo. Lilikuwa jiwe la saba, na mchana la kumi na moja. Na Wawira hajawahi kukanyaga kiwanja kile.

Mwaka jambo hili lilipotokea nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikuwa tumemaliza kidato cha nne, mimi na Wawira, tukapanga chumba kimoja Majimbo, pale Embu mjini, tukijifunza kupiga taipu. Yeye alikuwa wa Kianjokoma, mimi wa Nkubu. Kila tuliporudi kutoka nyumbani yeye alileta kabichi na majani ya chai, mimi nilileta ndizi za kupika, na jiko letu la mafuta ya taa lilitia kila kitu harufu yake, hata githeri ya Jumapili. Tulikuwa na kitanda kimoja, meza moja, na ukuta wa mbao uliotutenganisha na mwenye nyumba. Mama huyo alituita wanangu mchana kutwa, lakini jioni tulimsikia akimwambia mumewe, "Hao wasichana wanasoma taipu ndio waolewe na makarani. Hakuna ingine." Wawira alicheka mpaka akaziba mdomo kwa shuka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na jambo langu, na nililiweka chini ya godoro, ndani ya daftari la kurasa mia moja lililofunikwa kwa gazeti.

Daftari lenyewe lilianza hivi. Chini ya Nkubu, ambako mteremko unaisha na joto linaanza, palikuwa na kiwanja cha ndege cha udongo, na shamba la nyanya la shangazi yangu lilipakana nacho. Ndege ndogo zilitua mara moja au mbili kwa wiki, zikileta madaktari au wanunuzi wa mazao. Rubani alizunguka kwanza, chini chini, ili mbuzi wafukuzwe, na sisi watoto wa mashamba ya kando ndio tuliokuwa wafukuzaji. Wenzangu walifanya hivyo kwa ajili ya peremende, wakishapewa wanatawanyika. Mimi nilibaki. Kila likizo niliandika siku, saa, ule mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti umeelekezwa wapi na upepo, ndege imetokea upande gani, na imeacha ardhi kwenye jiwe la ngapi kati ya yale mawe yaliyopakwa chokaa kandokando. Asubuhi la saba, saa nane mchana la kumi na moja. Sikujua kwa nini. Nilijaza kurasa themanini na kitu kwa sababu sikujua kwa nini, na tangu hapo sijawahi kutaka kujua kitu chochote kwa njaa ile.

Aliyetuletea tangazo alikuwa Mwalimu Nyaga mwenyewe. Alitufundisha Kiingereza shuleni, na hata baada ya kumaliza hakutuacha. Alilikata gazetini kwa wembe, akalipitisha Majimbo siku ya soko: shule moja ya urubani Nairobi, kwa msaada wa wafadhili wa ng'ambo, ilitafuta wasichana wawili kutoka mashambani wa kufundishwa kurusha ndege. Nilisoma nikiwa nimesimama mlangoni na sufuria mkononi, nikasoma tena. Nilijua kabisa kwamba tangazo lile liliandikwa kwa ajili yangu. Hata leo, na uchungu wangu wote, bado naamini hivyo.

Lakini kwetu fomu ni fomu. Mtu akiona neno ufadhili, anajua njia: kwanza barua ya chifu, kisha muhuri wa padre au mchungaji, kisha maelezo ya shida za nyumbani, na shida zikiwa chache zinaongezwa. Ndivyo basari zilivyopatikana tangu tupate akili, na Mwalimu alikuwa bingwa wa njia hiyo. Watoto wengi walisoma kwa sababu alijua kuandika machozi kwa Kiingereza kizuri. Basi Jumapili moja baada ya kanisa tukaenda kwake Kianjokoma, mimi na Wawira, tukakalishwa kwenye viti vyenye vitambaa vya kufuma, mkewe akatuletea chai na nduma. Wawira alikunywa upesi akaenda kwao kusalimia, akaniacha hapo. Nikampa Mwalimu karatasi niliyoandika na daftari langu. Alisoma karatasi. Daftari alilifungua, akalifunga, akaweka kikombe cha chai juu yake.

"Gatwiri, hii ni nini?"

"Ni rekodi zangu za ndege, Mwalimu. Fomu imeuliza kwa nini nataka kuruka."

"Kila mtu anajua unataka kuruka, ndio maana umeomba. Hao watu wanataka kujua kitu moja tu: huyu mtoto, tusipomsaidia, ataweza? Sasa ukiwaandikia maneno ya mawe, wataona uko sawa. Mtu ako na wakati ya kuhesabu mawe hana shida."

"Msikize Mwalimu," mkewe akasema akimimina chai. "Ni watoto wangapi wamepita hapa kwa hii meza."

Akachomoa kalamu, akaanza upya. Familia isiyojiweza. Kahawa isiyolipa. Baba mgonjwa wa mgongo. Nikamwambia baba yangu si mgonjwa. "Mkulima gani hana mgongo?" akajibu, na tukacheka sote watatu, nami nikacheka kuliko wenzangu. Nafasi ya kueleza mapenzi yangu kwa ndege ilikuwa nusu ukurasa, na nusu ukurasa ule wote ukajaa mgongo wa baba. Hata picha yangu aliikataa. Nilikuwa nimepigwa nikitabasamu, akaniambia nirudi kwa mpiga picha, kwa kuwa mtu anayeomba hacheki. Na nilipokuwa naaga alinishika bega, kwa upole kabisa, akasema, "Umwambie mzee asivae ile koti yake ya kanisa akienda kwa chifu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Nimeisikia methali hiyo maisha yangu yote, na kila ninapoisikia namwona baba yangu.

Baba alikuwa msimamizi wa kiwanda cha kahawa cha pale kwetu, yule anayekagua matunda na kumrudisha mtu nyumbani na gunia lake kama ameleta mabichi. Watu walimwogopa kidogo na kumheshimu sana. Nilipofikisha ujumbe wa Mwalimu alitoka nje. Baadaye niliwasikia jikoni yeye na mama, wakisema kwa Kimeru, sauti ya chini, mimi nikiwa upande wa pili nachambua maharagwe. Baba aliuliza, "Niseme mimi ni mgonjwa?" Mama akajibu, "Sema tu. Ni ya mtoto." "Na watu wa kiwanda wakisikia?" Moto ulilia kidogo, kisha nikamsikia baba akisema, "Basi nitafutie ile sweta ya kupulizia dawa."

Asubuhi alitoka na sweta hiyo, yenye madoa ya dawa ya kahawa kifuani na kiwiko kilichotoboka. Lakini miguuni alivaa viatu vyake vyeusi vya kanisa, na alikuwa amevipiga rangi vikang'aa. Aliona ninavitazama. "Siwezi kuingia ofisi ya serikali miguu mitupu, mama," akaninong'oneza. Aliniita mama kwa kuwa nilibeba jina la mamake. Kwenye benchi nje ya mlango wa chifu walikuwa wamekaa watu saba au wanane, na wote tuliwajua, na wote walimjua. Mlango haukufungwa tulipoingia.

"Mzee, si wewe unasimamia pale kiwanda?" chifu akauliza.

"Ni mimi. Lakini mgongo umenishinda."

"Kwa hivyo huna uwezo."

"Sina."

"Sema vizuri hawa wasikie, kesho wasiseme chifu anapea watu wako na mali."

Baba akageuka nusu, akaangalia benchi, akasema kwa sauti aliyoitumia kiwandani, "Mimi sina uwezo wa kusomesha mtoto wangu." Chifu akainua muhuri, kisha akachungulia ng'ambo ya meza. "Na hivyo viatu, mzee? Maskini wa siku hizi wanang'aa namna hii?" Benchi lote likacheka. Baba naye akacheka. Sijawahi, kabla ya siku hiyo, kumwona baba yangu akicheka kitu kisichomchekesha. Muhuri ukagongwa, tukatoka, na njia yote mpaka nyumbani alitembea mbele yangu bila kugeuka.

Wawira, kwa upande wake, hakupata kitu. Chifu wake alikuwa ameenda kuzika kwa wakwe, hakurudi wiki nzima, na fomu zilifungwa Ijumaa. Mwalimu alimwambia wazi kwamba bila muhuri asijisumbue, angoje mwaka ujao. Jumatano jioni, chumbani Majimbo, nilikuwa nakaanga vitunguu na bahasha yangu ikiwa juu ya meza, nene, imeshiba mihuri. Yeye alikaa kitandani na fomu tupu magotini.

"Wacha nitume tu hivyo," akasema. "Kwani watanipiga? Lakini hapa wameuliza ndege, na mimi ndege nimeziona angani tu. Gatwiri, lile daftari lako unalifanyia kazi?"

"Mwalimu amesema halina maana."

"Basi nipe."

Nikainua godoro, nikampa. Ningependa kuandika kwamba nilimpa kwa wema. Nilimpa kwa dharau, jinsi mtu anavyompa jirani nguo iliyokwisha. Nilimwona ameshashindwa, na kumwonea huruma kulinipendeza. Nilimweleza kila kitu nikigeuza vitunguu: mfuko wa kitambaa, mbuzi, jinsi rubani anavyozunguka, mawe ya asubuhi na mawe ya mchana. Aliandika mpaka mafuta ya taa yakaisha kwenye jiko, na kila nilipoandika mimi kwenye daftari "shangazi" yeye aliandika "shangazi" pia, ingawa hakuwa na shangazi Nkubu. Tulicheka kwa hilo. Upande wa pili wa mbao mwenye nyumba akagonga ukuta tunyamaze. Picha aliyobandika ilikuwa ya zamani, ana meno yote nje.

Miezi mitatu baadaye zikaja barua mbili siku moja kwenye sanduku la posta la shule. Yake ilimwita Nairobi kwa mahojiano. Yangu ilikuwa ya adabu, na ndiyo maana sijaisahau. Walisikitika kwa ugonjwa wa baba yangu. Walieleza kwamba ufadhili wao haukuwa wa kusaidia familia zenye shida, kwamba walitafuta msichana ambaye ndege haimpi usingizi, na kwamba katika maombi yangu yote hawakuona mahali popote nilipotaja ndege. Wakanishauri nimwone chifu wangu kuhusu basari za serikali. Wawira alirudi kutoka Nairobi baada ya siku mbili akiwa hawezi kukaa chini. "Hawakuuliza mambo ya pesa hata kidogo! Waliuliza yale mawe tu. Mzungu mmoja alisimama, akaita mwenzake akuje asikie." Aliniambia mimi kwanza, kwa furaha, akinishika mikono yote miwili, na mikono yangu ilikuwa baridi, na hakuona. Tuliinama, mimi na baba yangu, tukainama mpaka uso ukagusa sakafu, na kumbe kitu chenyewe hakikuwa mvunguni. Kilikuwa mezani, kimewekewa kikombe cha chai.

Nilimkuta baba nyuma ya jikoni akipukuchua mahindi. Barua ilikuwa mfukoni mwangu.

"Wamesemaje?"

"Wamesema nafasi zilikuwa chache, Baba."

Alimaliza gunzi zima kabla ya kusema. "Ni vile viatu."

"Hapana, Baba."

"Ni viatu, mama. Chifu aliviona. Lazima aliandika kitu kando ya ule muhuri. Hawa watu wako na alama zao. Ningeenda miguu mitupu."

Mkono wangu ulikuwa juu ya barua. Ningeitoa, angejua hakuwa na kosa. Lakini angejua pia kwamba alijidhalilisha mbele ya benchi lile bure, na zaidi ya bure, kwa kuwa kujidhalilisha kwake ndiko kulikoniangusha. Nikaona afadhali abaki na viatu. Nilikaa chini nikachukua gunzi. Viatu vile hakuvivaa tena. Alimpa shemeji yake, na kanisani akawa anakwenda na malapa. Kiwandani walimtania kwa muda, wakimwita Mgonjwa, naye akaitikia. Mwaka uliofuata tangazo halikutoka tena. Nikamaliza taipu, nikaajiriwa ofisini, nikaolewa na karani, kama mwenye nyumba alivyotabiri. Baba aliishi miaka mingi, na mwishoni mgongo ukamshika kweli, akalala kitandani bila kujigeuza. Siku moja nikimlisha uji wa wimbi aliniambia, "Unisamehe kwa vile viatu." Nikamwambia, "Nimekusamehe, Baba." Nilimsamehe baba yangu kosa ambalo hakulifanya, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kumwambia ukweli. Akafa na shukrani usoni.

Haya yote nilikuwa nayo kifuani pale Kianjokoma walipokuwa wakipiga sepetu za mwisho. Watu walipotawanyika kwenda kula, Wawira alinitafuta, akanikumbatia kwa nguvu, akasema, "Gatwiri! Umenisikia nikisema mambo ya mawe? Hiyo stori nimeisema mara nyingi mpaka siku zingine naona kama nilikuwa hapo." Alisema bila haya, na sidhani alikuwa na sababu ya kuona haya. Tulisimama na sahani za mukimo mikononi. Kisha akauliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza miaka yote hiyo. "Lakini wewe mwenyewe uliwaandikia nini?"

"Niliandika kwamba sisi ni maskini."

Akacheka, akidhani natania. "Nyinyi? Na mzee alikuwa anasimamia kiwanda?" Aliponitazama vizuri kicheko kikamwisha, akaangalia kaburi la Mwalimu, akaangalia sahani yake. Sikumsaidia. Nilitaka abebe kidogo. Kisha mtu akamwita wapige picha na wanafunzi wa zamani, akaenda.

Jumatatu nilirudi kazini. Mimi ni karani wa kamati ya basari hapa kwetu Nkubu. Fomu zote zinapitia mezani kwangu. Nimezisoma kwa maelfu, na naweza kukuambia ni mwalimu gani ameandika kwa kutazama tu anavyowaua wazazi wa wanafunzi wake kwenye karatasi. Karibu na saa nne nilitazama dirishani nikamwona mzee mmoja amesimama kando ya tangi la maji na binti aliyevaa sare ya shule. Alijishikiza ukutani, akavua viatu, kimoja kimoja, akavisukuma nyuma ya tangi, akaingia. Nyayo zake ziliacha alama za vumbi sakafuni mpaka mbele ya meza yangu. Akanipa fomu kwa mikono miwili.

"Mzee," nikamwambia, "kwanza nenda ukavae viatu vyako."

Uso ukamwanguka. "Madam, si vyangu," akasema haraka. "Ni vya kuazima. Nakuapia Mungu, ni vya kuazima."

"Viwe vyako au vya kuazima, vaa."

Hakusogea. Alidhani ni mtego, na angekuwa mjinga asipodhani hivyo. Nikamgeukia binti, alikuwa na miaka kama kumi na sita, kidole kimepakwa wino. Nikamuuliza kwa upole kadiri nilivyoweza, "Na wewe, unapenda kufanya nini? Ukiachwa peke yako, unapenda nini?"

Alifungua mdomo. Kitu kilipita usoni mwake, nilikiona. Kisha akamtazama baba yake kwanza.

"Sisi hatuna uwezo, madam," akasema.

Nikachukua muhuri, nikagonga.